Malizia Sentensi: Namna ya Kuitafuta Shukrani Ndani ya Wiki ya Kawaida

Katika mitaa ya Mtwara, kama ilivyo Lindi na pwani yote ya kusini, mtu akiulizwa habari za asubuhi hujibu "tunashukuru", akiulizwa habari za kazi hujibu hivyo hivyo, na hata akiwa ametoka kuuguza usiku kucha bado ataanza na "tunashukuru" kabla hajasema mgonjwa ameamkaje. Ni jibu la adabu, nami silidharau, kwa kuwa lugha inayomzoeza mtoto kutanguliza shukrani kabla ya malalamiko imemfanyia wema mkubwa. Kasoro yake ni moja tu, nayo ni kwamba sentensi hiyo huwa haimaliziwi. Tunashukuru, lakini hatusemi kwa lipi, na baada ya miaka mingi ya kulitamka mara ishirini kwa siku, neno lenyewe hutoka mdomoni bila kugusa kitu chochote.

Asubuhi moja nilimwamkia mama anayekaanga vitumbua karibu na kwetu, Majengo, akanijibu kama kawaida, nami kwa utani nikamuuliza, "Kwa lipi, mama?" Hakusita. "Kwa kuni, baba," alisema huku akikigeuza kitumbua kwa kijiti, "za leo zimekauka, sijatoa chozi tangu alfajiri." Nilirudi nyumbani na vitumbua vyangu nikiwa na haya kidogo, maana kama swali lile angeniuliza mimi, nisingekuwa na jibu lenye uhakika wa namna ile. Mwongozo huu umetokana na kuni zile. Unaeleza jinsi mtu mwenye wiki ya kawaida, isiyo na harusi wala safari wala fedha za ghafla, anavyoweza kujizoeza kuimalizia sentensi hiyo kwa maandishi, mara moja kwa wiki, mpaka jicho lake lianze kuviona vile vitu vidogo kabla havijapita.

Daftari kwanza, hisia baadaye

Wengi huliahirisha jambo hili kwa kudhani kwamba ni lazima moyo ujae shukrani ndipo kalamu ishikwe. Mimi nimeona kinyume chake. Moyo wa mtu aliyechoka Alhamisi usiku haujai kitu chochote isipokuwa hamu ya kulala, lakini mkono wake bado unaweza kuandika mistari mitatu, na mara nyingi ni ule mstari wa tatu unaouamsha moyo. Kwa hiyo nunua daftari dogo la shule, lile la bei ya chini kabisa dukani, lifungie kalamu kwa uzi ili watoto wasiichukue kwa ajili ya hesabu zao, kisha liweke mahali ambapo mkono wako hulifikia bila kutafuta, kama vile chini ya mto au ndani ya mkoba wa ukili ulioning'inizwa ukutani. Simu inafaa pia, ila siipendekezi, kwa sababu anayeifungua ili aandike jambo la kushukuru hukutana kwanza na ujumbe wa kudaiwa.

Nimesema mara moja kwa wiki, na nina sababu. Mwaka 2003 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Robert Emmons na Michael McCullough, walichapisha matokeo ya majaribio ambamo kundi moja la wanafunzi liliandika kila wiki mambo yasiyozidi matano ya kushukuru, kundi la pili likaandika kero zake, na la tatu likaandika matukio ya wiki bila kuchagua. Walioandika ya kushukuru walionekana kuridhika na maisha yao kuliko wenzao. Miaka miwili baadaye mtafiti mwingine, Sonja Lyubomirsky, pamoja na wenzake, walieleza jaribio la wiki sita ambamo walioandika mara moja kwa wiki ndio walioona mabadiliko, ilhali walioandika mara tatu kwa wiki hawakuyaona. Maelezo yao ni kwamba zoezi likirudiwa mno hupoteza upya wake. Sisi tunaoishi na "tunashukuru" yetu ya mara ishirini kwa siku hatuhitaji kushawishiwa sana juu ya hilo.

Chagua siku yako na usiibadilishe. Mimi huandika usiku wa kuamkia Ijumaa, baada ya Isha, kwa sababu nyumba huwa imetulia na nguo za kesho zimeshapigwa pasi. Jirani yangu, mwenyeji wa Masasi, huandika Jumapili alasiri akiwa ametoka kanisani na hajaanza kuifikiria Jumatatu. Siku yoyote inafaa, isipokuwa ile ambayo umepanga kukutana na mdeni wako.

Sasa ipo kanuni ambayo ndiyo roho ya jambo zima. Kila unachokiandika kiwe kimetokea ndani ya wiki hiyo, na kiwe na saa, mahali, na mkono wa mtu uliokifikisha kwako ikiwa upo. "Nashukuru kwa afya njema" ni sentensi ya kweli, lakini haikusaidii, kwa kuwa ungeweza kuiandika wiki iliyopita na wiki ijayo, na hata jirani angeweza kukuandikia bila kukuuliza. Ilinganishe na hii: "Jumanne, saa 12 asubuhi, nilipanda kivuko cha Msangamkuu bila kushika chuma, goti la kulia halikuuma." Afya ni ile ile, ila sasa ina goti, ina kivuko na ina siku. Mistari mitatu ya namna hiyo inatosha. Ukiwa na mitano andika mitano, na ukiwa na mmoja andika huo ulale, lakini usijaze ukurasa kwa maneno mazito eti kwa kuona haya kwamba wiki yako ilikuwa na vitu vidogo tu. Vidogo ndivyo tunavyovitafuta.

Bahari haiji kwa saa ile ile

Ugumu wenyewe hujitokeza kuanzia wiki ya tatu au ya nne, pale mwandishi anapogundua kwamba anarudia yale yale, yaani chai, watoto na usingizi. Akili huvizoea vitu vizuri upesi, jinsi pua inavyoizoea harufu ya ng'onda muda mfupi baada ya mtu kuingia sokoni, na kilichozoeleka huacha kuonekana. Wengi hapo hudhani dawa ni kutafuta starehe mpya. Dawa iliyo rahisi zaidi ni kukiangalia kitu kile kile katika kubadilika kwake, na sisi wa pwani mwalimu wa somo hilo tunaye mlangoni.

Bahari hujaa na kupwa mara mbili katika muda wa takribani saa 24 na dakika 50, na zile dakika 50 za ziada ndizo zinazoipa kila siku pwani yake. Mwezi ukiwa mpevu, au ukiwa ndio kwanza unaandama, huja bamvua, yaani maji yanayojaa na kupwa kupita siku nyingine, na katika pwani yetu kupwa kwa bamvua huangukia karibu na saa 4 asubuhi. Kama Jumatatu ya bamvua maji yalipwa saa 4, basi Ijumaa yatapwa karibu na saa 7 na dakika 20 mchana, tena hayatakwenda mbali kama yalivyokwenda Jumatatu, kwa sababu tayari tunaelekea maji mafu, siku ambazo bahari haijai sana wala haipwi sana. Mtu anayepita ufukoni mwa Shangani kila siku saa 4 asubuhi anaweza kudhani kwamba anapita mahali pamoja, kumbe ndani ya siku tano amepita mahali patano: Jumatatu mwamba uko wazi na wanawake wameinama na vijiti vyao wakimtafuta pweza mashimoni, na Ijumaa pale pale pana maji, mitumbwi inaelea, wala huwezi kuonyesha kwa kidole yule mama wa kilemba cha njano alisimama wapi.

Zoezi ni hili. Chagua kitu kimoja unachokipita kila siku kwa saa ile ile, na kwa muda wa wiki moja usiandike kingine chochote isipokuwa tofauti yake ya jana na leo. Aliye mbali na bahari asijione amenyimwa. Newala mwezi Julai ina ukungu wa asubuhi ambao huondoka kwa saa tofauti kila siku. Masasi ina milima yake ya mawe, ambayo rangi yake ya saa 12 asubuhi na ile ya saa 12 jioni hazifanani. Na popote penye mkorosho pana mti unaotoa majani, maua, kisha matunda, mbele ya macho ya watu wanaosema kwamba hapa hakuna jipya.

Lipo zoezi jingine dogo ambalo nililipata kwa bahati. Kwa miaka kadhaa nilikuwa nikisafiri kati ya Mtwara mjini na Mikindani, mwendo wa kilomita kumi hivi, na kila mara nilikaa upande wa kushoto wa gari kwa sababu ya mazoea tu. Siku moja kiti kikakosekana, nikakaa upande wa pili, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu nikaiona ghuba kama inavyomwonekea mgeni. Watu hutoka nchi za mbali kuja kuutazama mji ule wa nyumba za mawe ambao David Livingstone aliondokea mwaka 1866 alipoanza safari yake ya mwisho ya bara, wakapiga picha, wakaandika barua kwao, na sisi tunaupita tukibishana na kondakta kuhusu chenji. Tangu hapo, mara moja kwa wiki, hubadilisha kiti. Haigharimu kitu, na angalau mstari mmoja wa Alhamisi hupatikana.

Chakula cha mikono miwili

Kama kuna chakula kilichoumbwa kwa ajili ya mwongozo huu, ni ming'oko. Msomaji wa kaskazini ambaye haijui na aelewe kwamba ni mizizi myembamba ya porini, jamii ya viazi vikuu, ambayo wanawake wa mikoa yetu huichimba, huichemsha, kisha huiuza kwa mafungu sokoni, vituoni na kando ya barabara. Huliwa kwa chumvi na pilipili, na anayependa huongeza ndimu. Ladha yake ni ya upole, wala sitamdanganya mtu kwamba itamshangaza kwa tonge la kwanza. Utamu wake uko katika mwendo: mng'oko humenywa mmoja mmoja kwa vidole, ukimaliza huu unachukua ule, na haiwezekani kuubugia kama unavyobugia andazi ukiwa njiani. Mikono yote miwili ina kazi, kwa hiyo simu inabaki mfukoni; mdomo una nafasi kati ya mng'oko na mng'oko, kwa hiyo maneno yanapatikana. Nimeona ugomvi wa mashemeji wawili ukiisha juu ya fungu moja la ming'oko, si kwa hekima ya mtu yeyote, bali kwa sababu hakuna aliyetaka kuondoka kabla fungu halijaisha.

Kwa hiyo, mara moja kwa wiki, kula chakula kimoja kwa mwendo wa ming'oko hata kama si ming'oko. Kitumbua kinafaa, ilimradi kiliwe kingali cha moto na ukingo wake ungali mkavu. Kabla hujakimaliza, jaribu kuihesabu mikono iliyokileta: mkulima wa mpunga, mkwezi aliyeangua nazi, aliyeikuna, aliyekata kuni, na yule aliyeamka saa 10 za usiku kuumua unga. Mimi sijawahi kufika mwisho wa hesabu hiyo kabla kitumbua hakijaisha. Dafu, kikombe cha kahawa chungu barazani na kisamvu cha nazi kilicholala usiku mmoja vinafaa vilevile, na siwezi kuvieleza vyote, kwa kuwa kila nyumba ina chake.

Bibo halingoji mnada

Kuanzia mwezi wa Oktoba mikoa yetu huzungumza jambo moja. Tangu msimu wa 2007/2008 korosho za wakulima zimekuwa zikiuzwa kwa stakabadhi ghalani, yaani mkulima huweka mzigo ghalani, hupewa stakabadhi, na mzigo huuzwa mnadani, na msimu ukifika hakuna kibaraza kisichobishania bei ya mnada wa juzi na ile inayotarajiwa mnada ujao. Ni haki yao, maana ada za shule na mabati ya nyumba viko katika magunia yale. Lakini chini ya mkorosho ule ule kipo kitu kingine ambacho hakina mnada.

Korosho huning'inia chini ya bibo, lile tunda laini la mkorosho, na bibo likiiva huanguka lenyewe. Mkulima huliokota, huiondoa korosho, huianika na kuitia guniani, kisha korosho ghafi hiyo husafiri, sehemu kubwa ikienda hadi India na Vietnam. Bibo haliendi popote. Ngozi yake ni laini, hupondeka kwa kuguswa, na baada ya siku moja tu chini ya mti huanza kuchacha, kwa hiyo hakuna aliyewahi kulipeleka mbali. Wengine hulikamua wakapata uraka, pombe ya mabibo, habari ambayo naiacha kwa wenyewe. Anayetaka kulila bibo hana budi kulila leo, pale pale, akiwa ameinama ili maji yake yasimtie doa la shati lisilotoka, na akubali ule ukakasi unaobaki kooni. Jioni ya Novemba ukipita njia ya mashambani kuelekea Nanyamba au Mtama, hewa yote hunukia mabibo, na harufu hiyo haijawahi kupangiwa bei.

Nimeligeuza bibo kuwa kipimo changu. Ninapokaa na daftari hujiuliza: wiki hii, korosho yangu ilikuwa ipi, na bibo langu lilikuwa lipi? Korosho ni kile nilichokifanyia kazi ili nikiuze, yaani mshahara, mradi au cheti cha mtoto. Bibo ni kile kilichokuja pamoja nacho bila kuombwa, kikawa hakiwezi kuwekwa akiba. Wiki niliyohangaika siku tatu kufuatilia hati katika ofisi fulani, korosho ilikuwa hati, nayo haikupatikana; bibo lilikuwa mzee tuliyekaa naye benchi moja, ambaye alinifundisha kufunga fundo la kamba ya ngalawa kwa kutumia uzi wa faili langu. Niliandika fundo. Msimu mmoja wa kulitumia swali hilo humtosha mtu kujua kama linamfaa au halimfai.

Kukosa kidogo kwa makusudi

Bibi yangu mzaa mama alikulia Newala, juu ya uwanda wa Makonde, ambako udongo hunywa mvua upesi, na kabla ya mabomba kufika, maji yalifuatwa mabondeni. Anayesimama mahali paitwapo Shimo la Mungu, pale uwanda unapokatika ghafla na bonde la Mto Ruvuma likaonekana hadi upande wa Msumbiji, huvutiwa na mandhari. Bibi hakuvutiwa. Yeye aliona mteremko wa kushuka na ndoo tupu na kupanda na ndoo iliyojaa. Hata alipohamia mjini na bomba likawa uani, hakuyamwaga kamwe maji yaliyobaki katika kikombe. Aliyatia kwenye mchicha, na kila alipofungua koki alinyamaza kidogo kabla ya kuweka ndoo, kama mtu anayemsikiliza mgeni anapiga hodi.

Hatuwezi kuirithi shida yake, wala haifai kuitamani. Tunachoweza ni kukosa kidogo kwa hiari. Waislamu hufundishwa hili kila mwaka, kwa kuwa hakuna aliyefunga siku nzima ya joto la kaskazi asiyeijua ladha ya maji katika adhana ya Magharibi, maji yale yale ambayo mwezi wa Shaabani aliyanywa akiwa amesimama, bila hata kutazama kikombe. Wakristo wanayo Kwaresima yao. Nje ya miezi hiyo, chagua kitu kimoja unachokipenda na ukiache kwa siku mbili au tatu katikati ya wiki, halafu ukirudie siku ya daftari. Mimi huacha sukari. Chai ya Alhamisi jioni, baada ya siku tatu za chai kavu, huwa nikiiandika kwa mistari miwili, na mke wangu husema kwamba siku hiyo tu ndipo ninapoisifu chai yake. Ana haki ya kulalamika.

Umeme nao hutusaidia bila kuombwa. Ukikatika usiku wa Februari na feni ikanyamaza, hakuna shukrani yoyote ndani ya chumba. Lakini ukirudi, watoto wa mtaa mzima hupiga kelele kwa pamoja, na kwa dakika moja hivi kila mtu anaijua thamani ya feni. Iwahi dakika hiyo uiandike, kwa sababu dakika ya pili kila mtu ameshasahau.

Mwambie mwenyewe

Kilichoandikwa kuhusu mkono wa mtu hakina budi kumfikia mwenye mkono. Hapa watu wa malezi yetu huona ugumu, kwa maana sifa za uso kwa uso huleta haya, na mke au mama akishukuriwa kwa maneno mengi huanza kujiuliza unataka nini. Njia niliyoiona inafaa ni kutaja kitu badala ya kumtaja mtu. Usiseme, "Mama, wewe ni mpishi mzuri sana," sentensi inayomlazimu akanushe. Sema, "Mama, mbaazi za jana zilikuwa na nazi ya kutosha, nimekula hadi ukoko." Hapo hana la kukanusha, nazi aliikuna mwenyewe na anajua alikuna vifuu vingapi.

Kiswahili kimetuwekea pia neno ambalo tunalitumia nusu. Tunapompita fundi au mfagiaji tukasema "pole na kazi", tunakiri kwamba kazi yake ina uzito na kwamba tumeuona. Liongezee kitu: "Pole na kazi, kaka, huu mtaro jana ulikuwa umeziba." Maneno hayo machache humaanisha kwamba ulikuwepo jana ukaona, na umekuja leo ukaona tena. Kwa mzee, anza na shikamoo kama kawaida, subiri marahaba, uulize hali, kisha ndipo ulitaje jambo lako. Shukrani iliyoruka salamu huonekana kama ya mtu mwenye haraka ya kuondoka.

Shukrani isiyofaa

Ipo namna mbili ambazo ningependa msomaji azikwepe. Ya kwanza ni kushukuru kwa kumtazama aliyekosa. "Wengine hata hiki hawana" ni maneno tuliyolelewa nayo, na mtoto aliyekataa ugali wa muhogo ameyasikia mara nyingi, lakini shukrani inayohitaji njaa ya jirani ili ipate nguvu si ya kujengea nyumba. Ugali wako uutazame kwa ajili yake wenyewe. Ukimkumbuka aliyekosa, mpelekee sahani, na hilo liwe jambo jingine kabisa lisiloandikwa katika daftari hili.

Ya pili ni kuitumia shukrani kufunika dai. Mkulima ambaye malipo yake yamechelewa, au kibarua aliyepunjwa, akiambiwa "shukuru kwa kidogo" na yule yule anayedaiwa, anaibiwa mara ya pili. Shukrani ya punda ni mateke, tunasema, lakini kuna punda waliobebeshwa kupita kiasi, na teke lao lina hoja. Fungua ukurasa wa nyuma wa daftari uandike dai lako kwa tarehe na kiasi, ulifuatilie, na ukurasa wa mbele uendelee na yake. Kurasa hizo mbili hazigombani.

Kuhusu wiki za msiba, sina mengi. Usijilazimishe. Mwaka tulipompoteza bibi niliruka wiki mbili, na ya tatu niliandika mstari mmoja, kwamba siku ya pili ya kilio, alasiri, mtu ambaye hadi leo sijamjua alikuwa ameziosha sufuria zote na kuzipanga uani kwa ukubwa wake, kubwa hadi ndogo.

Baada ya miezi mitatu, lisome daftari lako kuanzia mwanzo kwa kikao kimoja, ukiwa na kalamu ya rangi nyingine, na uzungushie duara kila jina au kila mtu aliyejirudia. Nilipofanya hivyo mara ya kwanza nilitarajia kuiona familia, na ilikuwepo, lakini aliyezungushiwa duara nyingi kuliko wote alikuwa ni mama wa vitumbua, aliyeingia mara saba katika wiki kumi na tatu. Kwa kuwa nimemwagiza msomaji amwambie mhusika, sikuwa na budi kwenda. Nikamkuta anapuliza moto, nikamwamkia, nikanunua vya shilingi 1,000, kisha nikamwambia, "Mama, nimekuhesabu. Umo katika daftari langu mara saba."

Akaacha kupuliza. "Mara saba?" aliuliza. "Nakudai, au wewe ndiye unayenidai?"

Nikamweleza ni daftari la namna gani. Alicheka hadi akajifuta macho kwa upindo wa kanga, akasema leo kuni ni mbichi, kisha akaongeza kitumbua kimoja juu ya vyangu na kunionya kwamba hicho nisikiandike, ni cha mtoto.